Wajenzi Tunawajua, Wakarabati Je?

Juu ya nguzo za mbele za Pantheon, jijini Roma, kuna maandishi makubwa yanayosema kwamba jengo hilo lilijengwa na Marcus Agrippa alipokuwa konsuli kwa mara ya tatu. Maandishi hayo ni ya kweli kwa jengo lingine. Hekalu la Agrippa, la miaka ya 20 KK, liliungua mwaka 80. Likajengwa upya, likapigwa na radi mnamo mwaka 110, likaungua tena. Hili tunaloliona leo, lenye kuba la upana wa mita 43.3, lilikamilika mnamo mwaka 126 chini ya Kaisari Hadrian, ambaye aliamua jina la Agrippa lirudishwe pale mbele badala ya lake. Wapo wanaousifu unyenyekevu wake. Mimi naona siasa ya kawaida ya mtawala anayetaka kuonekana mrithi halali wa waasisi wa dola.

Kwa vyovyote vile, si Agrippa wala Hadrian aliyelifikisha jengo hili kwetu. Mwaka 609, baada ya Kaisari Phocas kumkabidhi Papa Bonifasi wa Nne hekalu hilo, likawekwa wakfu kuwa kanisa. Kuanzia hapo paa lile likawa na mwenyewe: mtu mwenye sababu ya kupanda juu kila linapovuja. Mahekalu mengine mengi ya Roma hayakupata mwenyewe wa namna hiyo, nayo yakageuka machimbo ambamo kila aliyetaka jiwe la kujengea alikwenda kujichotea. Pantheon nayo haikusalimika kabisa. Mwaka 663 Kaisari Constans wa Pili alivua vigae vyake vya shaba na kuondoka navyo, na katika karne ya 17 Papa Urbano wa Nane aliing'oa shaba iliyokuwa darini mwa baraza ya mbele. Lakini kila ilipoporwa, kulikuwa na waumini ndani, na waumini hawakubali kusali mvua ikiwadondokea.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya jinsi historia ya usanifu majengo inavyosimuliwa karibu kila mahali. Fungua kitabu chochote cha fani hii. Utapewa jina la msanifu, jina la mtawala aliyelipa, mwaka wa kukamilika, na mtindo: Kigothi, Baroque, usasa. Kisha kitabu kinahamia jengo lingine, kana kwamba lile la kwanza liligandishwa siku lilipozinduliwa. Miaka mitano ya ujenzi inapewa kurasa kumi. Miaka elfu moja mia tano ya kuliweka jengo wima inapewa aya moja, tena mara nyingi ndani ya mabano. Dai langu ni kwamba kinachofupishwa ndicho chenye mafunzo makubwa zaidi. Majengo hayadumu kwa sababu ya kipaji cha aliyeyachora wala ugumu wa mawe yake. Yanadumu pale penye utaratibu, yaani watu, fedha na kalenda, unaorudi kwao tena na tena.

Hagia Sophia ya Istanbul ni ushahidi mzuri. Kila mwanafunzi wa usanifu hukariri kwamba ilijengwa, ikiwa kanisa, kati ya mwaka 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justinian, na waliobuni walikuwa mabingwa wawili wa hesabu, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus. Miaka mitano kwa jengo la ukubwa ule ni kasi ya kutisha, na kasi hiyo ilidai malipo yake. Chokaa haikupata muda wa kukomaa, kuta zikaanza kusukumwa nje na uzito wa kuba, na baada ya matetemeko ya ardhi kuba likaporomoka mwaka 558. Isidore Mdogo, mpwa wa yule wa kwanza, akajenga lingine akaliinua takriban mita sita zaidi. Hakufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Kuba bapa husukuma kuta kwa pembeni, na lililoinuka hushusha uzito wake chini. Kazi hiyo ikaisha mwaka 562.

Tetemeko la mwaka 989 likabomoa sehemu ya magharibi. Aliyeitwa kuitengeneza ni Trdat, mjenzi Mwarmenia, na kanisa likafunguliwa tena mwaka 994. Mwaka 1346 ikaanguka sehemu ya mashariki, ikajengwa. Baada ya jiji kutekwa mwaka 1453 na kanisa kuwa msikiti, kazi ya kulilinda ikahamia kwa Waothmani, na katika karne ya 16 Sinan, msanifu mkuu wa masultani, akaongeza viegemeo vizito vya nje. Wageni wengi huviona vimeharibu umbo la jengo. Ni kweli havipendezi, lakini ni sehemu ya kile kinacholishikilia jengo mpaka leo. Kisha kati ya mwaka 1847 na 1849 ndugu wawili Waswisi wa ukoo wa Fossati, walioajiriwa na Sultani Abdülmecid, wakalifunga kuba kwa mnyororo wa chuma na kunyoosha nguzo zilizokuwa zimeinama.

Sasa jiulize: kuba la mwaka 537 liko wapi? Halipo. Tunalolistaajabia ni la mwaka 562, lenye kipande cha karne ya 10 upande mmoja na cha karne ya 14 upande wa pili. Ni kazi ya Wagiriki, Waarmenia, Waturuki na Waswisi, Wakristo na Waislamu, kwa zaidi ya miaka elfu moja mia tatu. Vitabu vinaandika 537 na majina mawili. Trdat angalau tunaye kwa jina. Waliopanda na ndoo za chokaa kuziba nyufa katikati ya matetemeko hatuna hata mmoja.

Atatokea mtu aniambie kwamba piramidi za Giza zimesimama miaka 4,500 bila fundi. Jibu fupi ni kwamba rundo la mawe katika nchi isiyo na mvua halihitaji mengi, na hata hivyo lile ganda laini la mawe ya chokaa lililozifunika limekwisha kuchukuliwa karibu lote. Jibu refu kidogo linanifurahisha zaidi. Katika karne ya 13 KK, mwana wa Ramesses wa Pili aitwaye Khaemwaset alizunguka kukarabati makaburi ya wafalme waliomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja, akachonga kwenye piramidi ya Unas maandishi ya kueleza alichofanya. Kwa hiyo hata huko Misri ya kale, penye wajenzi wakubwa kuliko wote, palikuwa na mkarabati aliyejua kwamba asipojitaja mwenyewe hakuna atakayemtaja.

Utaratibu wa kurudi unahitaji fedha za kudumu, na hapa baadhi ya jamii zilikuwa na akili kuliko sisi. Mwaka 1296, kanisa kuu la Florence lilipoanza kujengwa, jiji liliunda chombo cha kulisimamia, Opera del Duomo. Chombo hicho ndicho kilichomwajiri Brunelleschi kujenga kuba maarufu kati ya mwaka 1420 na 1436. Kuba likaisha, chombo hakikuvunjwa. Kipo mpaka leo na bado kinalitunza kanisa lile lile, zaidi ya miaka 700 baadaye. Brunelleschi ana sanamu. Opera ina mafundi mawe. Kama ningelazimika kuchagua kimoja kati ya viwili hivyo ili kanisa lisimame karne nyingine saba, nisingesita.

Katika miji ya Kiislamu kazi hiyo ilifanywa na wakfu. Sultani au tajiri hakujenga msikiti peke yake. Alijenga pia maduka, mabafu na nyumba za wageni, au akatoa mapato ya mashamba na vijiji, kisha akayafunga yote kisheria yahudumie msikiti, chuo na hospitali milele. Hati za wakfu za Waothmani hutaja watumishi mmoja mmoja na ujira wao, pamoja na mafundi wa matengenezo. Süleymaniye ya Sinan, iliyojengwa miaka ya 1550, ilikuwa na uchumi mzima nyuma yake. Mtu akiitazama kama kuba na minara minne tu anatazama sehemu ndogo ya kilichobuniwa. Msanifu alichora jengo, na mwanasheria akachora namna litakavyolipiwa. Vitabu vya usanifu vimemsahau mwanasheria.

Mfano ulio safi kuliko yote uko Japani, na mfano wa kuanguka kwa wazo hilo hilo uko Japani pia. Hekalu la Ise, mahali patakatifu pa dini ya Shinto, hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Viwanja viwili vimelala ubavu kwa ubavu: kimoja kina hekalu, kingine kitupu. Muda ukifika, hekalu jipya la mbao za mberoshi wa hinoki hujengwa kwenye kile kitupu kwa vipimo vile vile, mungu huhamishwa usiku, na la zamani huvunjwa na mbao zake kugawiwa mahekalu mengine. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mwaka 690. Wa 62 ulikuwa mwaka 2013. Katika karne za 15 na 16 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliukatiza kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini ukarudi.

Watu hupenda kuishangaa Ise kwa falsafa yake, mambo ya upya na ukale kukutana. Mimi nashangazwa zaidi na hesabu. Miaka 20 ni muda ambao fundi anaweza kushiriki mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, mara ya pili akiwa bingwa, na mara ya tatu akiwa mzee wa kuelekeza. Hakuna anayehitaji kusoma kitabu ili kujua kiungo fulani cha mbao kinachongwaje, kwa sababu aliyekichonga mara iliyopita bado yu hai. Misitu ya hinoki imetengwa na kupandwa kwa ajili ya mizunguko itakayokuja baada ya wapandaji kufa. Kinachohifadhiwa pale ni mikono ya watu, na mbao ni kisingizio chake.

Ukitoka hapo nenda Tokyo, mwaka 1972. Kisho Kurokawa, mmoja wa vijana waliotaka majengo yakue na kubadilika kama viumbe hai, alizindua Mnara wa Nakagin. Ulikuwa na nguzo mbili za zege zilizobebeshwa vyumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani, kila kimoja na dirisha lake la duara. Mpango ulikuwa kila baada ya miaka 25 chumba kichakavu king'olewe na kipya kipachikwe. Ni wazo la Ise likiwa limevaa chuma. Miaka 25 ikafika mwaka 1997, hakuna kilichong'olewa. Vyumba vilikuwa na wamiliki tofauti wasioafikiana, hakukuwa na mfuko wa fedha, na kwa vitendo ilikuwa shida kutoa cha chini bila kugusa cha juu yake. Mabomba yakaoza. Maji ya moto yakakatika. Mwaka 2022 mnara ukabomolewa, na vyumba vichache vikahifadhiwa kama vitu vya makumbusho. Kurokawa alibuni kiungo cha kufungua na kufunga chumba, akasahau kubuni watu wa kukifungua. Nasema hivyo bila kebehi, maana mnara ule ulikuwa mzuri sana.

Pengine jengo lililolitatua jambo hili kwa ustadi kuliko yote ni la udongo. Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, ulijengwa mwaka 1907 chini ya Ismaila Traoré, mkuu wa chama cha waashi wa mji huo, mahali palipokuwa na msikiti wa kale zaidi. Kuta zake zimechomekwa vipande vya mti wa mvumo vinavyotokeza nje kwa mistari. Wapiga picha huvipenda kwa vivuli vyake. Kazi yake hasa ni ngazi na jukwaa: kila mwaka mafundi huvipanda ili kuukandika ukuta udongo mpya uliovundikwa na pumba za mpunga. Vijana huukanyaga udongo, wanawake hubeba maji, waashi hukandika, na mji mzima hujitokeza. Aliyeujenga aliujenga akijua kwamba utahitaji mikono kila mwaka, hivyo akaiwekea mikono hiyo mahali pa kushika. Sijui kama kuna msanifu wa karne ya 20 mwenye tuzo kubwa aliyefikiri mbali namna hiyo.

Msikiti uliotangulia una kisa chake. Seku Amadu wa Massina alipouteka mji katika karne ya 19 hakupendezwa nao. Badala ya kuubomoa, akajenga mwingine na kuuacha ule wa kale bila kukandikwa. Inasimuliwa kwamba mifereji ya paa iliziba, na mvua ikamaliza kazi. Kuacha kutengeneza ni njia ya kubomoa isiyo na kelele, na isiyo na mtu wa kulaumiwa. Watawala wengi duniani wameitumia tangu hapo, wengine kwa majumba ya maadui zao, wengine kwa nyumba za raia zao wenyewe.

Kilwa Kisiwani ilikufa kwa namna inayofanana na hiyo, ingawa hakuna aliyekusudia. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hii huishi maadamu una paa na lipu. Vikitoka, mvua huingia kwa juu, chokaa hulegea, mizizi hufuata. Baada ya Wareno kuupora mji mwaka 1505 na biashara ya dhahabu kwenda kombo, fedha za chokaa mpya zilipungua pamoja na watu. Magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta. Miaka kumi ya waashi ndiyo iliyobadilisha hali, na wao pia hawamo vitabuni.

Nisije nikaonekana nawatakasa wakarabati. Wameharibu mengi. Parthenon ya Athens, iliyojengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, iliishi vizuri kama hekalu, kanisa na msikiti hadi Septemba 1687, pale kombora la jeshi la Venice lilipoangukia baruti iliyohifadhiwa ndani. Hasara hiyo kila mtu anaijua. Ya pili haisimuliwi sana. Kuanzia mwaka 1898, mhandisi Nikolaos Balanos aliyainua mawe yaliyoanguka na kuyafunga kwa vyuma. Wagiriki wa kale nao walitumia vyuma, lakini walivimiminia madini ya risasi kuvikinga na unyevu. Balanos hakufanya hivyo. Vyuma vyake vikapata kutu, vikavimba, na kuyapasua marumaru kutoka ndani. Mafundi wanaofanya kazi pale tangu miaka ya 1980 wametumia sehemu kubwa ya muda wao kuvitoa vyuma hivyo kimoja kimoja na kuweka vya titani. Wanaukarabati ukarabati.

Great Zimbabwe ilipata msiba mbaya zaidi, kwa sababu uliongozwa na ubaguzi. Richard Hall, aliyeteuliwa kusimamia magofu hayo mwaka 1902, aliamini kuta zile za mawe yasiyo na chokaa zilikuwa kazi ya wageni kutoka mbali. Kwa hiyo mabaki ya maisha ya Waafrika yaliyokuwa ndani yake aliyahesabu kuwa uchafu wa waliokuja baadaye, akayafagia na kuyatupa, tabaka juu ya tabaka. Miaka michache baadaye David Randall-MacIver, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwamba waliojenga ni Waafrika. Walilazimika kuthibitisha hivyo kwa kile Hall alichobakiza. Kwa jina la kulisafisha jengo, msimamizi wake alifuta ushahidi wa nani alilijenga.

Ulaya ya karne ya 19 ilibishana sana juu ya hatari hii. Viollet-le-Duc, aliyekarabati Notre-Dame ya Paris, alishikilia kwamba kukarabati jengo ni kulirudisha katika ukamilifu ambao pengine halikuwahi kuwa nao. John Ruskin wa Uingereza akaona huo ni uongo mtupu. Yeye alitaka jengo litunzwe kila siku ili lisije likahitaji kukarabatiwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulielemea upande wa mawe ya asili: usiguse zaidi ya lazima, na ulichoongeza kionekane. Kanuni hiyo inafaa kwa marumaru. Inawafanya watu wa mbao na udongo waonekane walaghai, maana kwao kubadilisha kipande kilichooza ndiyo heshima yenyewe. Ilibidi ingojewe hadi mwaka 1994, kwenye mkutano wa Nara, Japani, ndipo wataalamu wa kimataifa wakakubali kwamba uhalisi wa jengo unaweza kukaa katika ufundi, matumizi na mapokeo, wala si katika jiwe peke yake. Miaka 30 kati ya nyaraka hizo mbili ni aibu kidogo kwa fani inayojiita ya dunia nzima.

Usasa wa karne ya 20 ulikuja na ahadi kwamba habari hii ya kurudi imekwisha. Zege, chuma na kioo vingedumu vyenyewe. Villa Savoye ya Le Corbusier, iliyokamilika mwaka 1931 karibu na Paris, ndiyo picha ya ahadi hiyo: sanduku jeupe juu ya nguzo nyembamba, paa tambarare, hakuna ukingo wa kumwaga maji. Ilivuja. Wenye nyumba wakamwandikia msanifu malalamiko kwa miaka, na mwaka 1940 wakahama. Leo ni urithi wa dunia, inatunzwa na dola ya Ufaransa, na bila shaka haivuji tena. Ukingo wa paa, ambao wasasa waliuona pambo la kizamani, ulikuwa chombo cha matengenezo kilichobuniwa na vizazi vya watu waliolowa.

Mjini St. Louis, Marekani, kosa lilikuwa kwenye karatasi za bajeti. Pruitt-Igoe ilikuwa mitaa ya maghorofa 33, kila moja la orofa 11, iliyochorwa na Minoru Yamasaki na kufunguliwa kuanzia mwaka 1954 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Serikali kuu ililipia ujenzi. Matengenezo yalitakiwa yatokane na kodi za wapangaji, yaani watu waliowekwa pale kwa sababu hawakuwa na fedha. Jiji likapoteza wakazi na ajira, vyumba vikabaki vitupu, kodi zikapungua, lifti zikafa, mabomba yakapasuka kwa baridi, waliobaki nao wakahama. Ubomoaji ulianza mwaka 1972. Mkosoaji Charles Jencks akatangaza kwamba usanifu wa kisasa ulifia hapo, na tangu hapo wanafunzi wamefundishwa kwamba michoro ya Yamasaki ndiyo iliyoua. Michoro haikuwa mizuri sana, nakubali: lifti zilisimama kwenye baadhi ya orofa tu. Lakini maghorofa ya namna hiyo hiyo yanakaliwa kwa raha katika miji mingi ambako kuna mtu wa kubadilisha taa. Kumlaumu msanifu kuliwapa nafuu waliotia saini mpango wa fedha.

Zege lenyewe lina siri ambayo umma haujaambiwa vya kutosha. Zege la Warumi, la chokaa na majivu ya volkano, halina nondo ndani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vibonge vya chokaa vilivyomo huyeyuka maji yakiingia kwenye ufa, kisha huganda na kuuziba. Zege letu linabebwa na nondo, na ndiyo maana linaweza kuruka mapana ambayo Mrumi hakuyaota. Lakini hewa ya kaboni hupenya humo polepole mwaka hadi mwaka, kinga ya nondo hupungua, kutu huanza, na chuma chenye kutu huvimba na kulipasua zege kama mizizi inavyopasua ukuta. Jengo la zege la miaka ya 1960 linahitaji daktari wa kudumu, na kwa nje linaonekana jiwe.

Mhandisi Mwitaliano Riccardo Morandi alilijua hilo. Daraja lake la Genoa, lililofunguliwa mwaka 1967, lilishikiliwa na nyaya za chuma zilizofunikwa kwa zege ili zikingwe. Kifuniko hicho kilizuia pia macho ya wakaguzi. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika ripoti kuonya kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vinalila daraja kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba linahitaji matengenezo yasiyokatika. Tarehe 14 Agosti 2018 sehemu yake ilianguka na kuua watu 43. Kwa miongo kadhaa daraja lile lilikuwa limesifiwa kwa wembamba wa umbo lake.

Nimalizie na Notre-Dame, kwa kuwa pale mambo yote haya yalikutana. Kabla ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019, kanisa hilo lilikuwa kwa miaka kadhaa likiomba fedha za matengenezo. Mawe ya viegemeo yalikuwa yanamomonyoka, na baadhi ya sanamu za kutolea maji ya mvua zilizotoka mahali pake zilikuwa zimebadilishwa na mabomba ya plastiki. Michango ilikuja kwa kusuasua. Kisha paa likaungua mbele ya kamera za dunia, na zikapatikana takriban euro milioni 846, kutoka kwa watu na taasisi zipatazo 340,000. Mjadala ukahamia kwenye mnara wa Viollet-le-Duc: ujengwe ulivyokuwa, au wasanifu wa leo wachore wao? Michoro ya vioo na bustani za juu ikajaa magazetini mpaka mwaka 2020, ilipoamuliwa urudishwe ulivyokuwa. Maseremala wakachonga mialoni kwa mashoka ya mkono, na Desemba 2024 milango ikafunguliwa.

Baada ya kazi hiyo kulikuwa na takriban euro milioni 140 ambazo hazijatumika. Zimeelekezwa kwenye kuta na viegemeo vya nje ambavyo moto haukuvigusa, ikiwa ni pamoja na vile vya upande wa mashariki vilivyokuwa vinaombewa fedha kabla ya mwaka 2019.